Mshindani akichafua jina lako ili mteja avunje mkataba: la kufanya, hatua kwa hatua

Meseji ilikuwa na sentensi tatu tu. "Hao jamaa wanafunga kamba za lifti zilizokwisha kutumika, halafu kwenye ankara wanaandika mpya. Achana nao hata leo, mkataba wao usikutishe. Wakikupeleka mahakamani, gharama zote ni zetu."

Aliyeituma alikuwa ofisa mauzo wa kampuni ya kutunza lifti. Aliyeipokea alikuwa meneja wa jengo lenye mkataba wa miaka mitatu na kampuni nyingine. Wiki mbili baadaye mafundi wa ile kampuni nyingine walifika kazini kama kawaida wakakuta kufuli la chumba cha mitambo limebadilishwa.

Mfano huu nimeutunga, lakini yeyote anayeshughulika na madai ya biashara ameshakutana na ndugu zake. Na ndani ya meseji hiyo moja mna makosa mawili tofauti ya madai. La kwanza ni kashfa. La pili ni kumshawishi mtu avunje mkataba wake na mwingine. Wengi huyafunga yote mawili katika barua moja ya hasira, "mmetuharibia biashara", kisha wanashangaa wakili wa upande wa pili akiipangua kwa aya mbili.

Tofauti yake ishike mapema. Kesi ya kashfa hutazama ulichosema: kina maana gani, na ni cha kweli? Nia yako inakuja nyuma sana, pengine haiulizwi kabisa. Kesi ya kushawishi hutazama kichwani mwako: ulijua nini, ulikusudia nini? Huko ukweli wa maneno yako peke yake hauwezi kukutoa. Mtu anaweza kusema kweli tupu akalipa fidia ya mkataba, na mwingine akakosea bila ubaya wowote akalipa fidia ya kashfa.

Ninayoeleza hapa yanafuata mapokeo ya sheria ya Kiingereza, ambayo nchi nyingi ziliyarithi. Ufaransa hufika mahali karibu na hapo kwa kifungu cha 1240 cha sheria yake ya madai, kile kinachomtaka kila aliyesababisha hasara kwa kosa lake ailipe. Muda, utetezi na viwango hutofautiana, kwa hiyo hatua tatu za kwanza zifanye mwenyewe, kuanzia hapo uwe na wakili wa nchi husika.

Hatua ya 1: Nasa maneno kabla hujajibu

Usijibu. Usipige simu kufoka. Usiandike kitu kwenye hadhi yako ya WhatsApp. Kazi ya siku ya kwanza ni kuokota maneno yalivyo.

Katika kashfa, hati ya madai inatakiwa ioneshe maneno yenyewe. "Alisema sisi ni matapeli" haifai ikiwa alichosema ni "hao vipuri vyao uviangalie vizuri". Hayo ni maneno mawili tofauti yenye maana mbili tofauti, na la pili pengine si kashfa hata kidogo. Andika alivyosema, kwa lugha aliyosemea. Kama mahakama inaendesha kesi kwa lugha nyingine, maneno ya asili huwekwa kwanza, tafsiri hufuata. Nimeona madai yaliyoletwa na tafsiri peke yake. Upande wa pili ulitumia nusu ya muda wake kubishania neno moja ambalo hakuna aliyelisema.

Kwa meseji, piga picha ya skrini inayoonesha namba ya mtumaji, tarehe, saa, na mazungumzo ya kabla na baada. Kipande kilichokatwa katikati huzua shaka. Kisha mwombe aliyepokea asiifute na asibadilishe simu bila kuihifadhi, maana ya kwake ndiyo ya asili. Yako ni nakala. Kwa ukurasa wa intaneti, hifadhi ukurasa wote pamoja na anwani yake na siku uliyoufungua. Kwa maneno ya mdomo, aliyeyasikia ayaandike siku hiyo hiyo, atie sahihi na tarehe. Kumbukumbu ya mtu baada ya miezi minane ni hadithi nzuri tu.

Mambo mawili usiyafanye. Usiingie kwenye simu au barua pepe ya mtu bila ruhusa yake. Utajipatia kesi yako mwenyewe. Na usimtume rafiki ajifanye mteja amchokoze mshindani ili arudie maneno. Ukiyaomba mwenyewe, upande wa pili utasema uliridhia yatamkwe.

Hatua ya 2: Fungua mkataba, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha kusitisha

Hapa ndipo hasira nyingi hupoa. Kama mkataba unamruhusu mteja kuondoka kwa notisi ya siku 30, naye ametoa notisi hiyo, hakuna mkataba uliovunjwa. Na pasipo uvunjaji, kwa sheria ya Uingereza hakuna kosa la kushawishi uvunjaji. Mwaka 2007 majaji wa juu wa nchi hiyo, katika shauri la OBG dhidi ya Allan, walilisisitiza hilo: kosa hili limeegemea kosa la mteja, na la mteja likikosekana nalo linaanguka. Mshindani aliyekupokonya mteja kihalali ni mshindani tu.

Marekani pana nafasi kidogo zaidi, kwa kuwa majimbo mengi yanatambua pia dai la kuharibu matarajio ya biashara hata kabla mkataba haujafungwa. Lakini huko lazima uoneshe njia chafu: uongo, vitisho, hila. Bei nafuu si njia chafu.

Basi kaa na mkataba uandike kwenye karatasi moja: ulianza lini, unaisha lini, mteja angeweza kutoka vipi, na yeye alitoka vipi. Meneja wa jengo letu hakutoa notisi, alibadilisha kufuli. Huo ni uvunjaji. Na tazama pia upande wako. Kama ulichelewesha matengenezo miezi mitatu mfululizo, huenda mteja alikuwa na haki ya kuondoka, na mshindani alimsukuma tu kwenye mlango uliokwisha kuwa wazi.

Hatua ya 3: Pima kosa la kushawishi

Kosa hili lina historia ya kuvutia, nayo inafundisha. Mwaka 1852 mwimbaji wa opera Johanna Wagner alikuwa amefunga mkataba na Benjamin Lumley kuimba katika ukumbi wake London kwa miezi mitatu, asiimbe kwingine. Frederick Gye, aliyeendesha opera ya Covent Garden, akamvuta kwa fedha zaidi. Lumley akamshtaki Gye, mtu ambaye hakuwa na mkataba naye wowote. Mwaka 1853 majaji walikubali kwamba inawezekana: anayemchochea mwingine avunje mkataba, akijua upo, anawajibika. Kila kitabu cha sheria husimulia hadi hapo. Kisichosimuliwa sana ni kwamba ushahidi uliposikilizwa baadaye, Gye alishinda. Jopo la raia walioamua kesi lilikubali kwamba aliamini kwa dhati kuwa mkataba ule haumfungi tena yule mwimbaji. Kesi iliyozaa kosa hili ilimwacha mdai mikono mitupu, kwa sababu ya kilichokuwa kichwani mwa mdaiwa.

Kwa hiyo unahitaji kuonesha mambo manne: mkataba halali ulikuwepo na ukavunjwa, mdaiwa alijua upo na alijua analolisukuma ni uvunjaji, alikusudia hivyo, na msukumo wake ndio ulioleta matokeo, nawe ukapata hasara.

La ujuzi ndilo gumu. Mwaka 1940 majaji wa juu wa Uingereza walimwachia mkuu wa kampuni aliyepokea siri ya kiwandani kutoka kwa mwajiriwa wa zamani wa kampuni nyingine. Hoja aliyojijengea kwamba hakuna mkataba unaovunjwa ilikuwa ya ovyo, lakini aliiamini kweli. Upumbavu wa dhati ulimwokoa. Ila usidhani kufumba macho nako huokoa. Mwaka 1966 mahakama ya rufaa ya huko huko ilisema mtu anayejua kuna mkataba, asijali kama anauvunjisha au la, anahesabiwa kuwa alijua.

Rudi sasa kwenye meseji yetu, sentensi ya pili: "mkataba wao usikutishe." Maneno matatu, na yamemaliza ubishi. Hawezi kusema hakujua. Sentensi ya tatu ni mbaya zaidi kwake: "gharama zote ni zetu." Mtu hajitolei kulipa gharama za kesi asiyoitarajia. Ahadi ya namna hiyo iliwahi kuigharimu sana Texaco, kampuni ya mafuta ya Marekani. Mwaka 1984 ilinunua Getty Oil, ambayo tayari ilikuwa na makubaliano na Pennzoil, na ikakubali kuwakinga wauzaji dhidi ya madai. Mahakamani Houston kinga hiyo ilisomwa kama ishara kwamba Texaco ilijua kuna makubaliano ya mtu mwingine. Mwaka 1985 jopo liliiamuru ilipe zaidi ya dola bilioni 10. Mwaka 1987 Texaco ilijiweka chini ya ulinzi wa sheria ya ufilisi, na mwishowe walimalizana kwa dola bilioni 3.

Angalia pia kama ni ushawishi au taarifa. Anayetangaza bei yake kwa umma hajamshawishi mtu. Anayemwambia mteja "mkataba wako una kifungu cha notisi, soma" hajamshawishi avunje. Amemwonesha njia halali. Marekani, katika majimbo mengi, kutoa taarifa ya kweli hakuhesabiwi kuwa kuingilia kusikofaa. Kwingine ukweli peke yake hautoshi: ukimwambia mteja jambo la kweli kisha ukaongeza "kwa hiyo vunja mkataba kesho", hicho kiongezo ndicho kinachokushtaki.

Mara chache ushawishi una uhalali wake. Mwaka 1924 wawakilishi wa waigizaji nchini Uingereza waliwasihi wenye kumbi wavunje mikataba na mwendeshaji mmoja wa maonesho aliyewalipa wasichana wa kundi lake kidogo mno, hata baadhi yao wakaingia kwenye ukahaba ili waishi. Mahakama ilisema walikuwa na wajibu wa kufanya walichofanya. Lakini usiipime kesi yako kwa kipimo hicho. "Nililinda maslahi ya kampuni yangu" haijawahi kufika ngazi hiyo.

Hatua ya 4: Pima kashfa, ukianzia stoo yako

Kabla ya mengine yote, nenda stoo. Mshindani amesema unafunga kamba zilizotumika. Je, ni uongo? Kamba za chuma za lifti huja na cheti cha kiwandani na namba ya gombo. Tafuta cheti cha zile zilizofungwa kwenye jengo lile, tafuta ankara ya kununulia, linganisha namba na iliyo kwenye fomu ya kazi ya fundi. Mwite fundi mwenyewe, mwulize bila vitisho. Usiulize ili upate jibu zuri, uliza upate jibu. Ukigundua kwamba mara moja, wakati wa haraka, fundi alifunga kamba iliyotolewa jengo jingine, ni afadhali ulijue leo kuliko ulisikie kizimbani. Ukweli ni utetezi kamili wa kashfa katika nchi nyingi, na si lazima kila neno liwe sahihi. Kiini kikiwa kweli kinatosha.

Kama stoo imekusafisha, endelea na mambo matatu.

Maana. Je, mtu wa kawaida akiyasoma maneno yale atakushusha hadhi? "Huduma yao si nzuri" ni dharau ya kawaida ya sokoni. "Wanaandika mpya kwenye ankara" ni tuhuma ya ulaghai. Uzito wa meseji ile uko kwenye neno ankara, hata kuliko kamba.

Kutambulika. Jina si lazima litajwe. "Hao jamaa" yanatosha ikiwa aliyesoma alijua ni nani. Na hapa ndipo sheria inapokuwa kali hata kwa asiye na nia. Gazeti moja la Uingereza lilichapisha kisa cha kubuni cha mtu aliyejirusha starehe Dieppe na mwanamke asiye mkewe, likamwita Artemus Jones. Mwandishi hakujua kwamba wakili mwenye jina hilo yupo. Aliyekuwepo alishtaki, mashahidi wakasema walidhani ni yeye, na mwaka 1910 majaji wa juu waliacha fidia yake ya pauni 1,750 isimame. Mlinganishe mwenye gazeti hilo na yule mkuu wa kampuni wa 1940: wote wawili hawakuwa na ubaya moyoni, mmoja akalipa, mwingine akaenda nyumbani.

Kufika kwa mtu wa tatu. Tusi ulilotumiwa wewe peke yako halijakukashifu. Linahitaji sikio au jicho la mwingine, moja tu linatosha. Na anayerudia ni kama aliyesema: "nimesikia tu" na "nimefowadi kama nilivyopokea" si utetezi. Hata kikatuni cha uso kinasema. Mwaka 2013, katika shauri la Lord McAlpine dhidi ya Sally Bercow, mahakama London iliamua kwamba swali fupi la Twitter lililomalizikia na maneno ya kuashiria uso usio na hatia lilikuwa limebeba tuhuma nzito.

Kisha tazama milango ya kutokea aliyonayo mdaiwa. Maoni ya dhati yaliyojengwa juu ya ukweli uliotajwa yanalindwa: "nimeona ripoti yao ya ukaguzi, sidhani wanajua kazi" ni maoni. Taarifa kwa mwenye wajibu wa kuipokea, kama barua ya fundi kwa mamlaka ya usalama wa majengo, ina kinga hata ikiwa na makosa, mradi haikuandikwa kwa nia mbaya. Marekani, tangu New York Times dhidi ya Sullivan mwaka 1964, ofisa wa umma lazima athibitishe kwamba msemaji alijua anadanganya au hakujali kabisa, na kipimo hicho baadaye kilivuka hadi kwa watu maarufu. Kwao nia inarudi ukumbini. Uingereza, tangu sheria ya kashfa ya 2013, lazima uoneshe madhara makubwa kwa heshima yako, na kampuni ioneshe hasara kubwa ya fedha. Meseji moja kwa mtu mmoja ingeweza kukwama hapo, isipokuwa mtu huyo alikuwa mteja mwenye mkataba wa miaka mitatu.

Mara nyingine maneno yanaigonga bidhaa, mwenye bidhaa yakamwacha: "aina ile ya kamba hukatika baada ya mwaka". Hapo fikiria dai la uzushi wa hila dhidi ya biashara. Mzigo wake ni mzito zaidi, kwa sababu wewe mdai ndiye utakayethibitisha uongo na nia mbaya.

Hatua ya 5: Weka tarehe ya mwisho ukutani

Muda wa kashfa ni mfupi kuliko watu wanavyodhani. Uingereza ni mwaka 1. Kenya ni miezi 12, wakati makosa mengine ya madai hupewa miaka 3. Dai la kushawishi uvunjaji huwa na muda mrefu zaidi. Uingereza ni miaka 6. Matokeo yake ni kwamba anayesubiri "tuone kama watanyamaza" mara nyingi hujikuta na mguu mmoja tu. Hesabu kuanzia siku maneno yalipomfikia mtu wa tatu.

Hatua ya 6: Chagua wa kushtaki, na wa kumwacha

Mteja anadaiwa kwa kuvunja mkataba. Mshindani anadaiwa kwa ushawishi na kashfa. Ofisa mauzo aliyetuma meseji anaweza kudaiwa binafsi, na mwajiri wake pamoja naye ikiwa aliituma akiwa kwenye kazi yake. Hasara moja hulipwa mara moja; huwezi kuidai kwa mteja kisha ukaidai tena kwa mshindani.

Ushauri wangu, na wengine watapinga: fikiri mara mbili kabla ya kumgusa mteja. Ndiye mwenye simu yenye meseji ya asili. Ndiye pekee anayeweza kusema "niliondoka kwa sababu ya maneno haya", na bila sentensi hiyo mnyororo wa dai lako umekatika katikati. Mteja uliyemshtaki atasema aliondoka kwa sababu mafundi wako walikuwa wakichelewa. Mteja uliyemfuata kwa adabu, ukamwonesha vyeti vya kamba, huenda akakupa meseji, akakupa na funguo.

Hatua ya 7: Andika barua ya madai inayoweza kusomwa na hakimu

Barua hii siku moja itakuwa kielelezo. Iandike ukijua hivyo. Iwe na maneno yenyewe, tarehe, aliyepokea, kwa nini ni ya uongo, mkataba upi umevunjwa, na unataka nini kufikia lini. Kwa mfano wetu ingekuwa hivi:

"Tarehe tunayoitaja hapo juu ofisa wenu wa mauzo alimtumia meneja wa jengo meseji yenye maneno yafuatayo: [maneno yote, bila kupunguza]. Maneno hayo yana maana kwamba kampuni yetu huwalaghai wateja kwenye ankara. Ni ya uongo. Tunaambatanisha vyeti vya kiwandani vya kamba zilizofungwa katika jengo hilo pamoja na ankara za kuzinunua. Meseji hiyo inaonesha pia kwamba mlijua kuhusu mkataba wetu na jengo hilo, nanyi mkaahidi kubeba gharama iwapo utavunjwa. Uliachwa wiki mbili baadaye ukiwa umebakiza miezi 22. Tunataka ndani ya siku 14: (a) mwache mara moja mawasiliano ya aina hiyo, (b) mtume masahihisho kwa kila aliyepokea, (c) mtueleze mmewatumia wengine nani, (d) mtoe pendekezo la fidia. Msifute meseji, barua pepe wala kumbukumbu zozote zinazohusu jambo hili."

Hakuna "mtajuta". Hakuna tishio la polisi. Katika nchi ambazo kashfa bado ni jinai, kutumia tishio la kumfunga mtu ili akulipe kunaweza kukugeuza wewe mtuhumiwa. Wala usiibandike barua hiyo hadharani: ukikosea jina moja, umeanzisha kesi ya kashfa ya pili, na wewe ndiye mdaiwa.

Hatua ya 8: Kama meseji umeituma wewe

Barua kama hiyo ikikufikia, liondoe chapisho machoni pa umma lakini hifadhi nakala. Kufuta ushahidi ukijua kesi inakuja ni kujiongezea kosa. Mwambie kila mfanyakazi aliyehusika asiguse simu yake.

Kisha jiulize kama unaweza kuthibitisha. Ukiweza, kusanya vielelezo. Usipoweza, omba radhi haraka, maana hapa haraka ina thamani ya fedha. Mwaka 2015 mwandishi wa Uingereza Katie Hopkins alimhusisha mwandishi mwenzake Jack Monroe kwenye Twitter na jambo ambalo hakulifanya. Alimchanganya na mtu mwingine. Monroe alitaka radhi na pauni 5,000 ziende kwenye msaada wa wahamiaji. Radhi haikuja. Mwaka 2017 mahakama iliamuru pauni 24,000, na gharama za kesi zilikuwa kubwa mara nyingi zaidi ya hizo. Jaji mwenyewe alisema lingeweza kumalizwa mapema kwa kutumia utaratibu wa sheria wa kupendekeza suluhu.

Radhi yenye "kama kuna aliyeudhika" ni bora isiandikwe. Wala usiombe radhi kwa neno ambalo hukulisema. Na kwa kuwa sheria za nchi hutofautiana iwapo radhi ni kukiri kosa, wakili aisome kwanza.

Hatua ya 9: Zuio, fidia na masahihisho

Zuio la mahakama kabla ya kesi kusikilizwa hutolewa kwa shida sana katika kashfa. Tangu shauri la Bonnard dhidi ya Perryman, 1891, mdaiwa akisema yuko tayari kuthibitisha ukweli, mahakama za Kiingereza kwa kawaida humwacha aseme, aje alipe baadaye. Katika kushawishi uvunjaji wa mkataba njia ni laini zaidi. Ndiyo maana wakili mzoefu mwenye madai yote mawili hulitanguliza la mkataba anapotaka mtu asimame leo. Mahakama nazo zinaujua ujanja huo: zikiona kiini cha kesi ni heshima ya jina, zitarudi kwenye kanuni ya 1891.

Hasara ya mkataba ihesabu kwa faida, usiihesabu kwa mapato. Miezi 22 ya ada, toa mishahara, vipuri na usafiri ambao hukuutumia, toa pia ulichopata kwa kuwapeleka mafundi wale kwenye jengo jingine. Ukileta mapato ghafi, mhasibu wa upande wa pili atakuaibisha mbele ya watu. Katika kashfa leta kinachoonesha jina limeshuka: zabuni uliyoalikwa ukafutwa, mteja aliyeuliza "ni kweli haya?", meseji iliyosambazwa kwenye kundi la mameneja wa majengo.

Mkifika kwenye suluhu, msiache neno "masahihisho" likining'inia. Andikeni ndani ya makubaliano maneno yake yote, nani ataweka sahihi, yatumwe kwa njia ile ile ya meseji ya kwanza, kwa namba zile zile, na siku gani. Meneja wa jengo aliyeambiwa kwenye simu yake hatatafuta radhi kwenye gazeti. Ikiwa meseji ilikwenda kwenye kundi, masahihisho yaende kwenye kundi, saa za kazi, na uhakikishe mtumaji hajajitoa kwanza.